Vidole Vinavyokunjamana Majini

Juma hili tumekusudia kulijibu swali ambalo kina mama wa hapa Mtendeni hulitoa mara kwa mara, nalo ni hili: kwa nini mtoto akikaa mno kwenye besheni la kuogea, vidole vyake hukunjamana kama vya ajuza?

Majibu yanayotolewa mitaani ni mengi. Wako wasemao kuwa baridi imemwingia mtoto mwilini. Wako wasemao damu yake imepungua. Wengine huyalaumu maji yenyewe, wakidai kuwa ya kisima hukunja ngozi na ya bomba hayaikunji. Mtoto mwenyewe hana habari na hayo yote; huinua mikono yake juu na kusema kwa furaha kwamba amekuwa bibi.

Swali hili laonekana kuwa la mchezo. Hata hivyo, tulipolifuatilia tuliona kwamba ndani yake mna jambo linalogusa afya ya wazee wetu, namna tunavyotawadha, na namna tunavyoamiliana na ndugu zetu wenye maradhi ambayo jamii imezoea kuyanong'ona. Kwa hiyo tunaomba msomaji atuvumilie tulieleze kwa utaratibu.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mahali mikunjo hiyo inapotokea. Mtu aweza kuzama mtoni hadi shingoni, lakini mgongo wake hautakunjamana, wala tumbo, wala mapaja. Mikunjo huja kwenye viganja na nyayo, na zaidi ya yote kwenye ncha za vidole, yaani katika ile ngozi nene isiyoota nywele. Muda wake pia una mpangilio. Katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 40 za sentigredi, mikunjo huanza kuonekana baada ya dakika tatu au nne tu. Katika maji ya baridi ya nyuzi 20 yaweza kuchukua dakika 10 hivi. Baada ya nusu saa mikunjo huwa imekamilika. Mkono ukitolewa majini na kukauka, ngozi hurejea ilivyokuwa bila kuacha alama. Na maji ya chumvi, kama yale ya bahari, hukunja vidole polepole zaidi kuliko maji baridi ya mito na visima.

Kwa miaka mingi watu, wakiwemo wasomi, waliamini kuwa sababu ni ngozi kunywa maji. Tabaka la juu la ngozi limeundwa kwa seli zilizokufa, nalo hunyonya maji na kutanuka. Ilidhaniwa basi kuwa tabaka hilo likishatanuka hukosa nafasi ya kuenea, likajikunja kama ganda la maharage yaliyolowekwa. Maelezo haya yanaingia akilini kwa wepesi, na hakika ngozi hunywa maji kiasi. Lakini yana kasoro moja kubwa. Kama kisa chote kingekuwa ni kulowa tu, kila kidole kingekunjamana, kiwe na hisia au kiwe na ganzi, kwa kuwa maji hayachagui.

Katika miaka ya 1930, matabibu wawili wa Uingereza, Thomas Lewis na George Pickering, waliwachunguza wagonjwa ambao mishipa yao ya fahamu ilikuwa imedhurika. Katika mkono wa mwanadamu mna mshipa mmoja wa fahamu upitao katikati ya kiganja, unaohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete. Mgonjwa ambaye mshipa huo umekatika akiutia mkono wake majini, kidole chake cha mwisho hukunjamana kama kawaida, ilhali kidole cha shahada hubaki laini kama hakijalowa. Mkono ni mmoja, maji ni yale yale, na muda ni ule ule. Tofauti pekee ni kwamba kidole kimoja kina mawasiliano na ubongo, na kingine hakina.

Mwaka 1973 daktari wa upasuaji aitwaye S. O'Riain alieleza katika jarida la utabibu la Uingereza kuwa jambo hilo laweza kutumika kama kipimo: mkono hulowekwa katika maji ya nyuzi 40 kwa nusu saa, kisha daktari hutazama ni vidole vipi vilivyokunjamana na vipi havikukunjamana. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anahisi nini, au mgonjwa asiyeweza kusema, kipimo cha namna hii kina faida kubwa, maana hakihitaji chombo cha gharama wala jibu la mdomo.

Mwaka 2003 watafiti wa Singapore, wakiongozwa na Einar Wilder-Smith, walipima mwendo wa damu kwenye vidole vilivyolowekwa. Waligundua kwamba mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya ncha ya kidole hujibana, na damu inayopita hupungua. Mfuatano wake ni huu. Maji huingia kupitia vitundu vya jasho, ambavyo ni vingi sana viganjani na nyayoni. Yakiingia hubadilisha uwiano wa chumvi ndani ya ngozi. Mabadiliko hayo huiamsha mishipa ya fahamu, ile inayofanya kazi bila sisi kuiamuru, kama ifanyavyo kazi ya kuuendesha moyo. Nayo huiamrisha mishipa ya damu ijibane. Nyama ya ndani ya kidole ikipungukiwa damu hunywea, na ngozi ya juu huvutwa chini ikabaki na mikunjo. Mfano wake ni mto wa kulalia uliotolewa sehemu ya pamba yake: foronya ni ile ile, lakini sasa imekuwa kubwa kuliko kilichomo, kwa hiyo hujikunja. Ndiyo maana kidole kilichokunjamana huonekana pia kimepauka.

Basi wale wasemao kuwa damu imepungua wana sehemu ndogo ya ukweli, ila si kwa maana waliyoikusudia. Damu haikupungua mwilini. Imepunguzwa kwenye ncha za vidole kwa amri ya mwili wenyewe, na mama hana sababu ya kumkimbiza mtoto kwa daktari wala kumtafutia dawa ya kuongeza damu.

Msomaji atauliza: kuna faida gani katika hilo? Hapa wanasayansi hawajaafikiana. Mwaka 2011 mtafiti wa Marekani, Mark Changizi, alipendekeza kuwa mikunjo ile hufanya kazi kama mifereji ya tairi la gari, ikiyatoa maji kati ya kidole na kitu kinachoshikwa ili mkono usiteleze. Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwapa watu 20 gololi na vitu vingine vidogo wavihamishe. Ikaonekana kuwa vitu vilivyolowa vilihamishwa kwa haraka zaidi, kwa kadiri ya asilimia 12, na wenye vidole vilivyokunjamana. Kwa vitu vikavu hapakuwa na tofauti. Mwaka uliofuata watafiti wa Berlin, Ujerumani, walirudia jaribio la namna hiyo wasiione faida hiyo. Kisha mwaka 2021 Nick Davis wa Manchester alionyesha, kwa kuwapima mamia ya watu, kwamba aliyekunjamana vidole hahitaji kubana kitu kilicholowa kwa nguvu nyingi kama asiyekunjamana.

Sisi watu wa Tabora tuna njia yetu ya kulitafakari jambo hili. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa mabegani mwao kati ya hapa na Bagamoyo, na wengine wakaendelea magharibi hadi Ujiji wakiuvuka mto Malagarasi. Mwaka 1871 msafara wa Henry Stanley, ukija huku, ulikumbana na mafuriko ya masika katika bonde la Makata, na watu wakatembea ndani ya maji na matope. Mtu aliyebeba mzigo mzito kichwani, akikanyaga mwamba wenye utelezi kwa unyayo mtupu, anajua thamani ya mguu usioteleza. Ikiwa mikunjo ya nyayo ilimsaidia walau kidogo, hiyo ilikuwa ni neema aliyopewa bila kuiomba.

Lakini neema hiyo ina mpaka. Ngozi ikikaa majini kutwa nzima, siku baada ya siku, hulainika kupita kiasi, hupasuka, na hufungua mlango kwa vidonda na fangasi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliokaa kwenye mahandaki yenye maji huko Ulaya waliharibikiwa miguu kwa maelfu. Wanawake wetu wanaoishi kwa kufua nguo za watu, na wakulima wetu wa mpunga wanaosimama majarubani, wanalijua hilo kwa vidole vyao. Wapate muda wa kuikausha mikono na miguu, hasa katikati ya vidole, na kuipaka mafuta. Hiyo ni haki ya mwili juu ya mwenye mwili.

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tuliandike suala hili. Ikiwa mikunjo ni kazi ya mishipa ya fahamu, basi kidole kisichokunjamana kabisa baada ya nusu saa majini kinaweza kuwa kinatoa habari. Na miongoni mwa maradhi yanayoua mishipa ya fahamu, mawili yanatuhusu sana: kisukari na ukoma.

Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa, huiharibu mishipa ya fahamu kuanzia miguuni. Mgonjwa huanza kwa kuhisi kama sisimizi wanamtembea, kisha ganzi, kisha hahisi kitu. Katika kazi yetu ya kuhudumia msikiti, tumewaona wazee waliokanyaga mwiba au kipande cha kigae njiani, wakaingia safuni na kuswali, wasijue kuwa unyayo umechanika mpaka mtu wa nyuma yao alipoona damu kwenye mkeka. Kidonda cha namna hiyo kikipuuzwa, mwisho wake waweza kuwa kukatwa mguu.

Kipupwe chetu cha Juni na Julai kinajulikana. Alfajiri huwa na baridi kali, na watu wema huchemsha maji ili wazee watawadhe bila taabu. Ni sadaka njema, lakini mwenye ganzi anaweza kuitia miguu yake katika maji ya moto yanayounguza asihisi. Kwa hiyo maji yapimwe kwanza kwa kiwiko na mtu mwenye hisia timamu, kabla ya kumwagiwa mzee. Na kati ya mahali pa kutawadhia na mlango wa msikiti, mwenye kisukari asitembee miguu mitupu. Wazee wetu walivaa mitalawanda. Sisi tuna kandambili. Misikiti iwe na jozi kadhaa safi kwa ajili ya jambo hili, pamoja na kiti cha kukalia na kitambaa cha kukaushia miguu. Gharama yake ni ndogo, na faida yake ni mguu wa Muislamu.

Tunatahadharisha pia kwamba jaribio la kuloweka mkono lisifanywe nyumbani kama hukumu. Kuna sababu nyingine zinazopunguza mikunjo, na wapo wenye maradhi yaliyokwisha kuanza ambao vidole vyao bado hukunjamana. Mwenye ganzi, mwenye kidonda kisichouma, au mwenye kidole kilichobaki laini wakati vingine vimekunjamana, aende hospitalini apimwe. Hospitali yetu ya mkoa ya Kitete haiko mbali na mtu wa Mtendeni.

Ama ukoma, hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Vimelea vyake viligunduliwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Si laana, si uchawi, wala si urithi wa ukoo. Ni maradhi yanayoshambulia ngozi na mishipa ya fahamu, na dalili yake mojawapo ni baka lisilohisi. Huambukiza polepole, kwa kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa ambaye hajatibiwa, na watu walio wengi wana kinga ya asili. Nchi yetu ina mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma tangu mwaka 1977. Dawa zake, zinazotumika kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali ya mgonjwa, zinatolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995. Mgonjwa akishaanza dawa, haichukui muda mrefu kabla hajaacha kuambukiza.

Pamoja na hayo, wapo wagonjwa waliopona zamani ambao bado hawapewi mkono. Vidole vyao vilikwisha kupinda kwa sababu mishipa haikupona pamoja na vimelea, na jamii huyatazama makovu kana kwamba ndiyo ugonjwa. Wengine huleta hoja ya dini, wakitaja mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimfikie, ya kujitenga na mwenye ukoma. Tunajibu kuwa wanazuoni wameyaeleza mafundisho hayo kwa maana ya tahadhari dhidi ya madhara, na wameyakusanya pamoja na riwaya nyingine zinazoonyesha kuwa alikula na mwenye maradhi hayo. Na tulifundishwa katika elimu ya usuli kwamba hukumu hufuata sababu yake: sababu ikiwapo, hukumu ipo, sababu ikiondoka, hukumu huondoka. Aliyetibiwa haambukizi. Basi kwa hoja gani ananyimwa mkono, au anaachiwa pengo pembeni mwake katika safu ya swala? Mwenye kumbagua baada ya kulijua hili hana tena udhuru wa tahadhari. Limebaki ni kiburi, nacho ni maradhi mabaya zaidi.

Kwa hiyo msomaji asikichukue kipimo hiki cha maji akaenda kuvichungulia vidole vya jirani. Tumekieleza ili mwenye dalili awahi kutibiwa kabla vidole havijapinda, maana aliyewahi hupona bila ulemavu.

Tumalize kwa masuala mawili ya fikihi ambayo huulizwa pamoja na haya. La kwanza: je, mikunjo huzuia udhu usisihi? Jibu ni kuwa haizuii. Kinachozuia ni kitu chenye mwili kinachoziba ngozi, kama rangi ya kucha, nta au gundi. Rangi ya hina haizuii, kwa kuwa ni rangi tu. Mikunjo ni ngozi yenyewe, na linalotakiwa ni maji yafike ndani yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoyafuata, kupitisha vidole kati ya vidole ni sunna, na huwa wajibu ikiwa maji hayafiki bila ya kufanya hivyo. Mzee ambaye ngozi yake imekunjamana kwa umri naye atilie maanani hilo. Mwenye kidonda kinachodhurika kwa maji ana ruhusa zake, za tayamamu na za kupaka juu ya bendeji, naye amuulize mwalimu wake kabla ya kujiumiza kwa kudhani kuwa anazidisha ibada.

La pili linahusu israfu. Udhu wa Mtume ulitosha kwa mudi moja ya maji, kiasi ambacho hakifiki lita moja. Udhu wa namna hiyo haukawii, na haumpi mtu nafasi ya kukunjamana vidole. Basi anayetoka kutawadha na vidole vyake vimejikunja ajihoji kama hakuingiwa na wasiwasi, akawa anaosha mara ya nne na ya saba kile kilichokwisha kutakata. Katika mji ambao umezoea kupanga foleni ya ndoo, kumwaga maji kwa jina la ibada ni kuwanyima wengine ibada yao.

Wapo watakaopenda tuseme kuwa haya yote yalikwisha kuelezwa katika Qur'ani, kwa kuwa Suratul Qiyama, katika aya yake ya 4, inazitaja ncha za vidole. Sisi hatutaki kuibebesha aya maana isiyokuwa yake. Aya ile inazungumzia uwezo wa Mwenyezi Mungu wa kumfufua mwanadamu mpaka katika kiungo chake kidogo kabisa, na hilo latosha. Itoshe vilevile kujua kwamba mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walibaini kuwa mikunjo ya mtu hurudi katika mpangilio ule ule kila anapolowa, kwa kuwa mishipa ya damu iliyo chini yake haihami mahali pake. Mtu husema vidole vyake vimeharibika kwa maji, kumbe vimejikunja kwa mpangilio wake maalumu.

Basi mama akimwona mwanawe ananyanyua vidole vyake kutoka kwenye besheni na kudai kuwa amezeeka, amjibu kuwa hajazeeka; mishipa yake ya fahamu inafanya kazi, na huko ni kuneemeka. Kisha amkaushe, amshukuru Mola wake, na akumbuke kumtazama bibi wa mtoto huyo, nyayo zake zikoje.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.